Magugu maji ya ziwani, ng'ombe wanaweza kula bila madhara?

Mwana_Sengerema: Wakuu habari za jioni. Niko kando ya ziwa upande wa Sengerema, nina ng'ombe 6, wawili chotara wa maziwa, na kiangazi hiki majani yameisha kabisa mpaka nafuata mabua mbali na bodaboda, na wenye mashamba nao siku hizi wanayauza. Sasa huku mwaloni magugu maji yamejaa hadi mitumbwi inapita kwa shida, juzi nikamkuta chotara mmoja kaingia maji ya magotini anayatafuna kwa raha zake. Nikajiuliza mbona nahangaika na msosi upo bure? Kuna aliyewahi kulisha? Hayaui? Maziwa hayanuki?

Kijana wa Mwalo: Mkuu yangekuwa na maana ng'ombe wa huku wote wangekuwa wananesanesa kwa kunona, yako ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 80 😂

Mama Ndama: Yanalika, usimsikilize huyo. Ila mimi nilianza vibaya, nilikata mzigo mzima nikamwaga zizini mabichi na mizizi yake, siku ya tatu wote wanahara maji ya kijani na yule ninayemkamua akashuka kutoka lita 9 mpaka 6. Mtaalamu wa mifugo alipokuja akacheka, akasema mama hawa hujawalisha, umewanywesha. Na kweli, kilo 100 za gugu, 90 mpaka 95 ni maji matupu. Ng'ombe wa kilo 300 anataka chakula kikavu kama kilo 7 kwa siku, sasa piga hesabu mwenyewe ni mabichi kiasi gani, tumbo gani hilo?

Siku hizi ile mizizi myeusi yenye manyoya nakata natupa, nabaki na majani na vikonyo vilivyovimba, naanika siku mbili mpaka yalegee, nakatakata kwa panga nachanganya na mabua, pumba na mashudu kidogo. Gugu halizidi robo ya mlo, na nilianza na konzi konzi tu kwa wiki nzima. Maziwa hayajanuka, na mteja wangu wa chai angeshanisema.

Jirani wa Homa Bay: Huku Kenya watu wengine wanatengeneza saileji nayo, yaani majani yaliyochachushwa bila hewa yakahifadhika. Mimi nikishaianika, kila kilo 100 naweka pumba kilo 10 na molasesi lita 3 au 4, nashindilia kwa pipa la plastiki nikikanyaga na miguu hewa itoke yote, nafunga mwezi mmoja. Ukifungua inanuka kama uji uliochachuka, hiyo ni sawa. Ikinuka kuoza au iwe na ukungu, tupa. Pipa langu la kwanza lilioza kwa sababu nilikuwa na haraka, sikuianika. Bila molasesi usisumbuke, sukari yake ni kidogo.

Msaidizi wa Mifugo: Nyote mmesema vizuri ila la muhimu limerukwa: unachuma wapi? Gugu linanyonya risasi, kadimiamu na zebaki, na mizizi ndiyo inabeba zaidi, so mdomo wa mtaro wa mjini au karibu na wanaochenjua dhahabu usiguse hata jani.

La pili minyoo bapa ya ini. Konokono wa pembezoni wanaitoa, inajibandika kwenye majani ya maji ikimsubiri ng'ombe, kwa hiyo huyo chotara wako anayejipeleka mwenyewe majini ndiye ananitia wasiwasi kuliko gugu lenyewe. Akikonda na kuvimba chini ya taya kama kabeba kifuko, ndio hiyo. Na albendazoli, ile dawa ya minyoo mnayoizoea, inaua minyoo waliokomaa tu, wachanga inawaacha. Anayekamuliwa usimchagulie dawa mwenyewe, kuna dawa haziruhusiwi kwa maziwa.

Shamba Dogo Moshi: Jaribu azola mkuu, kimmea kidogo kinachoelea juu ya maji. Shimo, nailoni, maji ya sentimita 10, udongo na samadi kidogo, kivuli juu. Ikikubali unavuna kila siku, protini yake ukikausha inapita asilimia 20. Naosha vizuri kuondoa harufu ya samadi, kilo moja na nusu hivi kwa ng'ombe juu ya pumba. Ila usije ukapeleka gugu maji kwenye lambo la kijiji eti unaotesha la akiba, utawaua wenzako, mbegu zake zinakaa kwenye tope miaka na miaka.

Mwana_Sengerema: Asanteni wakuu, mmeniokoa, maana kesho nilikuwa naenda na mkokoteni! Chotara nimemfunga kamba mbali na maji, ananiangalia vibaya sana. Nitaanika kidogo nione. @Jirani wa Homa Bay pipa lako ni la lita ngapi?

Jirani wa Homa Bay: 200. Hakikisha halikuwa la dawa za shamba.