Filamu za Kiebrania tamashani: nianze na tamthilia au na makala?

Swali
Ndugu zangu, katika ratiba ya tamasha ninalohudhuria kuna filamu kadhaa za Kiebrania, za tamthilia na za makala (zinazoonyesha watu na matukio halisi), nami nina nafasi ya kuona mbili tu. Sijui Kiebrania, na naamini nusu ya maana ya mtu imo katika sauti yake. Je, manukuu, yaani tafsiri inayoandikwa chini ya picha, yanatosha, na ni aina ipi itakayonifaa zaidi?

Jibu la 1
Ndugu, chagua tamthilia, na ukiikuta Gett ya mwaka 2014, ya Ronit na Shlomi Elkabetz, usiiache. Nchini Israeli ndoa na talaka za Wayahudi ziko mikononi mwa mahakama za marabi, na mume asipotoa hati ya talaka kwa hiari yake, mke hubaki amefungwa katika ndoa. Viviane, mke katika filamu hiyo, anahangaikia hati hiyo kwa miaka 5, na karibu filamu yote imo katika chumba cha mahakama na mahali pa kungojea. Kuna wakati anazifungua nywele zake, na hakimu anamkaripia azikusanye. Hapo manukuu hayahitajiki kabisa. Lakini tega sikio, kwa sababu wahusika huhama kutoka Kiebrania kwenda Kifaransa na Kiarabu, ilhali manukuu huandika yote kwa lugha moja, na sisi tunaosoma tu tunapitwa na uhamaji huo.

Jibu la 2
Naheshimu maoni ya mwenzangu, ila kwa mtu anayejali sauti ningetanguliza makala. Katika The Gatekeepers ya Dror Moreh, ya mwaka 2012, wakuu 6 wa zamani wa idara ya usalama wa ndani ya Israeli, Shin Bet, wanazungumza mbele ya kamera. Avraham Shalom, mzee aliyevaa kanda za suruali mabegani kama babu wa mtu yeyote, anaulizwa juu ya watekaji 2 wa basi waliouawa mwaka 1984 baada ya kukamatwa wakiwa hai. Sikiliza anavyokwepa: manukuu yatakupa maneno yake, lakini kusita kwake utakusikia mwenyewe.

Jibu la 3
Naongeza moja kuhusu hilo la lugha. The Band's Visit ya Eran Kolirin, ya mwaka 2007, inahusu bendi ya polisi wa Misri iliyopotea njia na kujikuta katika mji mdogo wa jangwani nchini Israeli, na kwa kuwa wenyeji na wageni wanaelewana kwa Kiingereza, filamu ilikataliwa katika tuzo ya Oscar ya lugha za kigeni, Israeli ikapeleka filamu nyingine, Beaufort, badala yake. Nilisikitika sana, kwa maana Kiingereza kile cha kubabaisha ndicho kisa chenyewe. Basi usiichuje ratiba kwa kutafuta Kiebrania kitupu.

Muulizaji
Nashukuru sana. Gett imo, jioni ya kwanza, nami nitaiona mara mbili: safari ya kwanza nikisoma, ya pili nikisikiliza tu.