Mchungaji anasema dawa za kifafa ni dalili ya kutokuamini. Nifanyeje na mwanangu?

Mama wa Kihonda (mtoa mada)
Habari za jioni ndugu zangu. Naombeni ushauri, na tafadhali msinikejeli, maana humu najua hamchelewi.

Nina mtoto wa kiume, yuko darasa la pili. Alianza kuanguka kifafa akiwa chekechea. Tulizunguka kwa waganga upande wa baba yake, mwisho tukafika kliniki ya hospitali, akaanzishiwa vidonge. Tangu hapo nafuu ni kubwa. Mwaka huu ameanguka mara chache, na karibu zote ni siku ambazo dawa ziliisha tukachelewa kununua.

Sasa wifi yangu alitupeleka kwenye kanisa analosali. Mtoto akaombewa, ikatangazwa madhabahuni kwamba amefunguliwa. Wiki hiyohiyo akaanguka. Tuliporudi kuuliza, mchungaji akasema: "Mnaendelea kumpa vidonge, maana yake hamjaamini. Hata Nazareti Yesu hakuweza kufanya miujiza kwa kutokuamini kwao." Wifi anataka dawa zitupwe chooni. Mume wangu hasemi ndiyo wala hapana. Mimi nimelelewa kwenye wokovu, maneno haya yananikosesha usingizi. Ni kweli mimi ndiye ninayemzuia mwanangu kupona?

Chura wa Mindu
Nimeweka kigoda hapa, nawasubiri wachungaji wa humu.

Nesi Mstaafu
Pole sana mwanangu. Kabla hawajaanza kurushiana mistari: dawa za kifafa HAZIKATWI GHAFLA. Zikikatwa hivyo, mtoto anaweza kushikwa na degedege mfululizo bila kuzinduka katikati, na hapo anaweza kufa au kubaki na madhara ya ubongo. Daktari mwenyewe akitaka kumwachisha, kwa kawaida husubiri mtoto amalize kama miaka miwili bila kuanguka, kisha anapunguza dozi taratibu.

Akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, angalia saa. Zikipita dakika tano hajatulia, hospitali. Basi, endeleeni na mistari yenu.

Mwalimu wa Sunday School
Dada, huo mstari wa Nazareti umesomewa nusu. Fungua Marko 6:5 wewe mwenyewe: hakuweza kufanya mwujiza huko, "isipokuwa aliweka mikono yake juu ya wagonjwa wachache, akawaponya." Yaani hata Nazareti wagonjwa walipona! Waliokosa imani ni wale wazima waliokaa sinagogi wakinong'ona kwamba huyu si yule seremala, mwana wa Mariamu, na dada zake tunao hapa? Walimdharau. Wewe umembeba mtoto ukampeleka kuombewa. Unafananaje na watu wale?

Halafu nenda Marko 9, maana kisa chenu kiko pale karibu kizima. Baba analeta mwana anayeanguka, anatoka povu, anasaga meno. Mathayo 17 inasema wazi ana kifafa. Wanafunzi wanajaribu, wanashindwa. Baba anasema "ukiweza neno lo lote", imani ya kubahatisha kabisa, halafu analia: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumwambia arudi nyumbani akaongeze imani kwanza. Alimponya mtoto palepale.

Walioambiwa wana upungufu wa imani ni akina nani? Mathayo 17:20, wanafunzi. Waliokuwa wanaombea! Na habari ya kuomba na kufunga waliambiwa haohao, ndani ya nyumba, faragha. Kwa hiyo maombi yakigoma, Biblia inaanza kumhoji muombeaji. Ajabu ni kwamba siku hizi swali linarushwa kwa mama wa mgonjwa.

Chura wa Mindu
Kigoda kimelipa.

Mpakwa Mafuta
Mnasoma Neno kwa kutafuta visingizio. Wale vipofu wawili waliambiwa, "Kwa kadiri ya imani yenu mpate." Mathayo 9:29, ipindisheni na hiyo. Yakobo anasema mwenye shaka asidhani atapokea kitu kwa Bwana. Mimi niliacha dawa za vidonda vya tumbo kwa imani, leo nakula hadi pilipili. Mama, usisikilize wasomi wa mitandaoni. Hujui Mungu alitaka kufanya nini siku ile.

Mwalimu wa Sunday School
Mpakwa Mafuta, namshukuru Mungu kwa tumbo lako, sikutanii. Na vipofu nakubali, imani ina nafasi yake, mwanamke wa kutokwa damu miaka 12 naye aliambiwa imani yake imemponya. Ila Yakobo 1 inazungumzia mtu anayeomba hekima, irudie kuanzia mstari wa 5.

Wapo pia walioponywa bila kuulizwa imani. Yule wa Bethzatha, hawezi kwa miaka 38, alipona na hata jina la aliyemponya hakulijua (Yohana 5:13). Malko alirudishiwa sikio akiwa amekuja kumkamata Yesu, alikuwa na imani gani? Nitafutie kwenye Injili zote nne mgonjwa mmoja aliyemwendea Yesu akarudishwa kwa kuambiwa "imani yako haitoshi".

Mpakwa Mafuta
Mwanamke Mkananayo alikataliwa kwanza.

Mwalimu wa Sunday School
Alikataliwa kwa sababu si wa nyumba ya Israeli, akabishana, akasifiwa "imani yako ni kubwa", binti akapona. Umenisaidia.

Na watumishi wenyewe je? Matendo 19, huko Efeso wagonjwa walipelekewa leso zilizogusa mwili wa Paulo wakapona. Huyohuyo Paulo, 2 Timotheo 4:20, alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa. Mileto na Efeso si mbali hata kidogo. Timotheo akaandikiwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na maradhi ya mara kwa mara. Hakuna mahali Paulo anawaambia hawa wawili kwamba hawajaamini.

Mzee wa Kigurunyembe
Tunasahau upesi. 2011 nchi nzima ilikuwa njiani kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Babu, yule mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500. Watu walitoa ndugu zao wodini kuwapeleka kwenye foleni, na wapo waliofia barabarani kabla ya kukifikia kikombe. Sisemi zaidi, marehemu naye kapumzika. Ila mtoto hana sauti kwenye maamuzi haya. Mtu mzima akiacha dawa zake ni shauri lake.

Binti Ulanga
Nimezaliwa Mahenge. Kwetu kifafa ni kingi kuliko sehemu nyingi za nchi, na watafiti wamekihusisha na usubi, ule ugonjwa wa minyoo unaoletwa na inzi weusi wa mitoni. Ndiyo maana watu hugawiwa Mectizan, vidonge vya kukinga usubi. Daktari mmoja Mnorwei, Louise Jilek-Aall, aliendesha kliniki ya kifafa pale tangu miaka ya 1960, wakati mgonjwa akiangukia motoni watu walikuwa wanaogopa kumgusa, wakidhani povu linaambukiza. Wapo waliobaki na makovu ya moto maisha yao yote. Nikisoma Marko 9:22, pale baba anaposema mara nyingi humtupa katika moto na katika maji, nawaona watu wa kwetu.

Na tusiseme kila kifafa ni pepo. Mathayo 4:24 inawataja wenye pepo, kisha wenye kifafa, kisha wenye kupooza, kila kundi peke yake. Wote aliwaponya.

Mkatoliki Asiye na Kelele
Sisi tuna Yoshua bin Sira sura ya 38: Bwana ameumba dawa kutoka ardhini, na mwenye busara hazidharau. Najua wengine kitabu hicho hamna. Basi chukueni Isaya 38:21, Hezekia ameahidiwa miaka 15 na Mungu mwenyewe, bado Isaya anaagiza bonge la tini liwekwe kwenye jipu. Ahadi na dawa sura moja.

Nesi Mstaafu
Mimi nimekaa wodi ya watoto miaka mingi, na nasali. Mwambie wifi yako hivi: wale wakoma kumi wa Luka 17 waliambiwa waende wakajionyeshe kwa makuhani, kwa sababu makuhani ndio waliokuwa wanathibitisha nani ametakasika. Kwa kifafa, anayethibitisha ni daktari wa kliniki. Kama mtoto amepona kweli, ataonekana haanguki, na daktari atapunguza dozi mwenyewe. Muujiza hauogopi kupimwa.

Mama wa Kihonda
Mungu awabariki. Nimemsomea mume wangu Marko 6 hadi mwisho wa mstari, akanyamaza muda, kisha akaniuliza, "Mbona hatukusomewa hiyo nusu ya pili?"

Bado jambo moja. Jumamosi wifi anakuja kumchukua mtoto kwa mkesha, na wanataka afunge siku tatu. Nikikataa itakuwa vita ya ukoo, mama mkwe yuko upande wake.

Nesi Mstaafu
Asikeshe! Kukosa usingizi ni moja ya vitu vinavyoamsha kifafa haraka sana. Na kufunga kwa mtoto anayekunywa dawa hizo, hapana. Muulize pia wifi nani atampa dozi ya usiku.

Mpakwa Mafuta
Hapo nakubaliana na nesi. Mtoto hafungi, wanafunga wakubwa. Hata kwetu mtoto mdogo haletwi mkeshani akiwa mgonjwa.

Mzee wa Kigurunyembe
Mama, hayo asiseme mwanamke. Aseme baba wa mtoto kwa dada yake, na aseme kabla ya Jumamosi.

Mama wa Kihonda
Amempigia sasa hivi. Kamwambia mtoto halali nje ya nyumba hii, na anayetaka kumwombea aje hapa sebuleni, karibu sana, ila saa mbili usiku ni muda wa dawa na mtoto analala. Wifi kakata simu. Mama mkwe anasema atakuja yeye.