Mercedes 280 SE ya 1970, Lubumbashi: nitafute pampu ya asili ao nitie moteri ya Toyota?

Mtoto wa Kamalondo

Jambo sana wandugu. Niko Lubumbashi, komini Kamalondo. Motokari ninayoongelea ni Mercedes 280 SE ya 1970, ya marehemu baba. Imelala chini ya mwembe kwetu tangu nikiwa shule ya msingi. Kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma miaka na miaka. Mama aliwafukuza mwaka jana tu, siku niliposema nataka kuiamsha.

Bodi si mbaya sana. Katanga hatuna chumvi ya bahari, na kiangazi chetu ni kirefu. Kutu imekula sakafu upande wa dereva kwa sababu mpira wa kioo cha mbele ulipasuka, mvua ikapata njia. Nyota ya kwenye kapo (boneti) na vifuniko vya magurudumu viliondoka wakati wa uporaji wa 1991. Taa ya mbele ya kushoto, ile ndefu ya kusimama, kioo kimevunjika. Mbao ya dashibodi imebanduka. Seremala mmoja wa Katuba aliniletea kipande cha mukula, mti wetu wa huku, kizuri kweli, lakini chekundu kama damu ya mbuzi. Nimemwambia asubiri.

Shida kubwa ni moteri. Ni ile ya silinda 6 isiyo na kabureta, yenye pampu ya Bosch inayogawa esansi (petroli). Mafundi watatu wamekuja kuitazama, na wote neno lao moja: toa hiyo, tia ya Hilux, wiki ijayo unatembea. Wa tatu alikuwa ameshashika spana. Mwingine, ambaye garaji yake siitaji, aliniuzia "mpira wa asili" wa kioo kwa dola 40. Katoni ina nyota ya Mercedes, lakini mpira wenyewe ukiushika kona hii, ile nyingine inaruka.

Basi naomba: pampu nyingine ya asili naipata wapi? Kuna aliyeagiza piesi Afrika Kusini zikapita mpaka wa Kasumbalesa? Na mniambie ukweli, moteri ya Toyota ni dhambi kiasi gani?

Fundi Temeke

Mkuu, pole kwa kumpoteza mzee. Huyo mwenye spana asirudi tena hapo nyumbani.

Halafu acha kutafuta pampu nyingine. Unayo. Pampu iliyozeeka pamoja na injini yake ni afadhali kuliko ya kuuziwa na mtu asiyejua ilikotoka. Injini yako ni M130, cc 2778, na ndugu yake amekaa kwenye 280 SL, ile ya milango miwili yenye paa lililobonyea katikati. Wenye hizo SL ni watu wa pesa, na wanagombea spea hizohizo unazotaka wewe. Bei utakazotajiwa zinatokana na wao.

Ndani ya hiyo pampu kuna vipistoni 6, kimoja kwa kila silinda. Petroli ikilala miaka inageuka gundi na kuvigandisha. Pampu inazungushwa na cheni ya injini yenyewe, kwa hiyo ukipiga stata unaizungusha nayo kwa nguvu, iwe imeganda au haijaganda. USIPIGE STATA. Hata kuzungusha krenki kwa mkono ngoja kwanza. Weka alama jinsi pampu ilivyokaa, ndipo uitoe. Ukishaitoa, chomoa plagi zote, mimina oili nyepesi kwenye silinda, iache siku kadhaa, ndipo ujaribu krenki taratibu.

Huko kwenu migodi imejaa malori, hamwezi kukosa fundi wa pampu za dizeli mwenye meza ya kupimia. Kuigandua ataweza, maana kwa umbo hizo pampu ni jamaa. Kuipima ni habari nyingine: kiasi cha mafuta kinachotakiwa hapo si cha dizeli, na kina jedwali lake. Akikuambia "nitakadiria kwa sikio", chukua pampu yako uondoke. Pia tangi lishushwe lisafishwe kabla ya yote. Nimeona mtu anafunga pampu iliyotengenezwa vizuri, halafu kutu ya tangi inaimaliza ndani ya siku mbili. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Toyota si dhambi. Ila kishikio cha injini utakikata, na ukishakata hurudi.

Yaya wa Bel-Air

Mdogo wangu, kuku wako wamenichekesha. Mimi nina 250 S, niko hapahapa Lubumbashi.

Rudi ukasome katoni. Namba ya piesi ya Mercedes inaanza na herufi A, halafu tarakimu 10. Tatu za kwanza ni ukoo wa motokari, na yako ni 108. Naweka dau katoni yako imeandikwa 123, ile Benz iliyotoka 1976. Nyota ni ya kweli, mpira ni wa kweli, ila ni wa mtu mwingine. Lakini ukikuta 111 usiogope. 108 ilirithi vitu vingi kwa kaka yake 111. Mimi sikujua, nilikataa mpira mzuri kabisa kwa sababu ya hiyo 111, nikakaa miezi minne nimefunika kioo kwa baché, turubai.

Na kabla ya kununua hata skrubu, tafuta namba ya shasi. Itaanza 108.018, kisha tarakimu mbili. Ya kwanza ikiwa 1, usukani ulikuwa kushoto tangu kiwandani. 2 ni kulia. Ya pili, 0 ni gia za mkono, 2 ni otomatiki. Kila Mercedes ya wakati ule ilikuwa na kadi yake kiwandani, yenye namba ya moteri, rangi, na kila kitu mnunuzi wa kwanza alichoomba. Mercedes wenyewe wana Classic Center, kituo cha magari yao ya zamani, kule Fellbach karibu na Stuttgart, tangu 1993. Ukiwaandikia, andika na namba. Barua ya "nina Benz ya baba" haitakufikisha mbali.

Mukula hapana. Mbao ya asili chini yake bado iko? Usiitupe. Tafuta gamba jembamba la mbao la rangi inayokaribia, libandikwe juu.

Dereva wa Kasumbalesa

Mimi napiga Johannesburg–Lubumbashi na lori. Nimeshabeba milango, bampa, siku moja hata paa zima la Benz la mzee mmoja wa Likasi, nimelifunga juu ya magunia.

Afrika Kusini kuna piesi za hizo Benz kwa sababu Mercedes zinaunganishwa kulekule, mji wao wa East London, tangu 1958. Lakini kumbuka kule usukani uko kulia. Boksi la usukani, dashibodi, mikono ya waipa, usinunue, haviingii kwako. Taa ndiyo inawadanganya watu wengi, kwa sababu yenyewe inaingia vizuri kabisa. Kioo chake kimechongwa kutupa mwanga kwenye ukingo wa barabara, na ukingo wa kule ni kushoto. Ukiifunga hapa unammulika machoni anayekuja. Taa agiza Ulaya bara, Uingereza pia hapana.

Kioo cha mbele, milango, bampa, kromu, vitu vya ndani ya moteri, hivyo chukua bila wasiwasi. Na fakture iandike kila kipande, ioneshe ni vya kutumika. Ukiandika "vyuma vya gari" mpakani utalala.

Mtoto wa Kamalondo

Aksanti sana. Yaya, katoni inasema 123. Nimecheka peke yangu hadi mama akatoka nje kuniangalia.

Nimesugua, namba imeonekana: 108.018-12. Usukani kushoto, otomatiki, sawasawa. Lakini kibao cha rangi kinasema 904, nayo 904 ni bluu nzito, wakati sisi wote tunaijua motokari ya baba kuwa nyeupe. Nikavuta mpira wa mlango, nikakwangua na ukucha: bluu. Nikamwita mama. Akatazama kidogo, akasema, "Ee, ilikuwa bluu tulipoinunua. Tuliipaka nyeupe kwa harusi ya shangazi yako." Kama vile nilikuwa nimeuliza bei ya unga.

Pampu iko kwa fundi wa dizeli. Vipistoni vinne vilikuwa vinatembea, viwili vimeganda juu. Ameviloweka siku tatu, jana jioni kimoja kimeshuka. Amekubali mwenyewe kwamba kuipima hataweza, kwa hiyo Dereva, nitakutumia ujumbe uniambie safari yako ijayo ni lini. Kuna mtu Johannesburg anayefanya hizo za esansi.

Sasa mama anataka ibaki nyeupe, na dada zangu wanamuunga mkono. Mliowahi kurudisha rangi ya kiwandani, mliwaambia nini watu wa nyumbani?