Kuthibitisha undugu ili fedha ya mbolea itoke

Kutoka: mwanajumuiya, Reading, Uingereza

Ndugu zangu, habari za mwaka mpya. Naomba msaada kwa jambo lisiloweza kusubiri. Mdogo wangu, ambaye ndiye aliyebaki kulima shamba la marehemu baba kule Mbozi, alipoteza simu wakati wa palizi, na hadi leo laini haijarudishwa kwa sababu kila akiweka kidole kwenye mashine ya wakala alama hazisomeki. Mpini wa jembe umezifuta. Kwa kuwa mahindi yamefika magotini na yanataka Urea, nilituma fedha kwenye laini ya wifi yangu. Kampuni ninayoitumia hapa imezizuia ikisema mpokeaji amebadilika, na sasa inataka nyaraka za kuthibitisha kwamba hawa ni ndugu zangu. Mimi nina cheti cha kuzaliwa. Mdogo wangu alizaliwa nyumbani, hivyo ana kadi ya ubatizo na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) tu. Je, kuna aliyewahi kukubaliwa kwa hati ya kiapo, na kiapo hicho aape yeye Vwawa, mjini kwetu Mbozi, au niape mimi huku?

Kutoka: mwanajumuiya, Leicester

Pole sana, dada. Mdogo wako aombe cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, kwa utaratibu wa usajili uliochelewa, akiambatanisha kadi ya ubatizo na cheti cha darasa la saba. Mimi nilihangaika hivyo hivyo na kaka yangu anayelima Kilosa. Mwaka 2017, viwavijeshi vamizi walipoingia nchini, shamba lake lote liliharibiwa, naye akanyamaza kabisa. Nilidhani amenikasirikia, kumbe aliona aibu kupiga simu bila kuwa na habari njema, akihofia nitadhani anaomba. Tangu hapo nimeamua kumpigia kila Jumapili bila kugusa habari za fedha, nikamuuliza tu mvua imefika wapi na watoto wanaendeleaje. Akiisha kuzungumza hayo ndipo hunieleza mwenyewe yanayomsibu. Kuhusu mbolea, asisahau kwamba DAP ina ruzuku.

Kutoka: mwanajumuiya, Coventry

Kaka wa Leicester, kwa heshima zote, tusome swali kabla ya kujibu. DAP ni mbolea ya kupandia. Dada anauliza habari ya kukuzia, na usajili uliochelewa hauwezi kukamilika kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Isitoshe, umeliruka jambo kubwa zaidi. Ruzuku ilipoanza msimu wa 2022/23, wakulima waliandikishwa vijijini kwa namba zao za simu, na mfuko wa kilo 50 wa Urea ukauzwa shilingi 70,000 badala ya zaidi ya 120,000. Laini ikipotea, mkulima anakuwa amepoteza njia ya kupata ujumbe wa ruzuku, mahali pa kupokea fedha na sauti ya dada yake kwa mkupuo mmoja. Mdogo wako aende kwanza kwa mtendaji wa kijiji aulize kama namba ya simu inaweza kubadilishwa kwenye orodha ya wakulima. Kuhusu vidole, mama yangu alipumzika kushika jembe kwa siku kadhaa, akapaka mafuta kila usiku, kisha akajaribu vidole vyote kumi. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto ndicho kilichosomeka.

Kutoka: mwanajumuiya, Muscat

Shikamooni wakubwa. Haya yote yalianza Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kufungwa. Sipingi usajili, kwa kuwa matapeli walituumiza sana, lakini anayeshika jembe tangu utotoni alistahili kufikiriwa kabla ya mwenye kalamu. Kisha Julai 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu, na ingawa ilipunguzwa Septemba ya mwaka ule ule, dada yangu wa Korogwe alikwisha kuniambia nisitume fedha kidogo kidogo, nisubiri zifike nyingi. Ile kidogo kidogo ndiyo iliyokuwa sababu yetu ya kuongea kila wiki. Sasa hupita muda mrefu bila mimi kujua kwamba jua limechoma mahindi yake, na huku ninapoishi naona mvua kwa nadra hata nikasahau kuiulizia. Uamuzi wa namna hii ungetufikiria zaidi kama sisi tulio nje tungekuwa tunapiga kura.

Kutoka: mwanajumuiya, Leicester

Kura ni mada nyingine, mdogo wangu, tusiichanganye hapa. Na ndugu wa Coventry, ninajua DAP ni ya kupandia. Nimelima kabla ya kuja huku. Dada, jaribu kuandikisha hati ya uwakilishi, uithibitishe ubalozini pale Stratford Place, London, umpe mtu wa Vwawa akashughulikie laini kwa niaba ya mdogo wako.

Kutoka: mwanajumuiya, Coventry

Hati ya uwakilishi haiwezi kuweka kidole cha mtu mwingine kwenye mashine. Tena mwenye laini ni mdogo wake, si yeye, kwa hiyo hata hiyo hati angepaswa kuiandika mdogo wake.

Kutoka: mwanajumuiya, Reading

Nawashukuru nyote. Mdogo wangu amenipigia leo kwa simu ya jirani. Mwenye duka la pembejeo amemkopesha mifuko miwili, ambayo haitoshi ekari zote, hivyo ameanza na upande wa bondeni ambako mahindi yamekwisha kuwa ya njano. Ushauri wa mafuta nimempa, ingawa amesema kupumzisha jembe wiki hii hawezi. Kampuni imenipa hadi Ijumaa kuwasilisha nyaraka, la sivyo fedha zitarudishwa kwangu, na makato hayatarudi. Aliyewahi kutumia kiapo aniandikie, hata kama alikataliwa, ili nijue kabla sijamtoa shambani kumpeleka mahakamani kuapa.