Naomba ushauri: birika la shaba la muuza soseji, bati la ndani limeisha

Habari zenu wakuu. Naishi Hof, kaskazini mwa Bavaria, Ujerumani. Hapa kuna wauza soseji wa mtaani wanaoitwa Wärschtlamo. Hawana kibanda. Chombo chao ni birika kubwa la shaba ya manjano lililofuliwa kwa mkono, makaa yanawaka chini, soseji zinakaa juu kwenye maji moto. Ukiagiza Wiener (soseji nyembamba ya kupashwa kwenye maji moto), muuzaji anafunua kifuniko, mvuke unakupiga usoni, anakuwekea kwenye mkate na haradali. Mji umewajengea hata sanamu, na wanastahili.

Mzee mmoja anastaafu na ananiuzia birika lake. Nalitaka sana, maana kazi hii ikikosa warithi itapotea. Shida ni kwamba bati la ndani, yaani utando wa madini ya bati uliopakwa ili shaba isiguse chakula, limechakaa, shaba inaonekana chini kabisa na kwenye kona, na kuna ukijani karibu na mshono.

Wenye uzoefu, hasa mliokulia kwa mafundi wa madele ya kahawa Mombasa au Zanzibar: je, linaweza kupakwa bati upya bila mshono kuachia? Na fundi ana njia gani ya kuhakikisha ni bati tupu, lisilochanganywa na risasi? Bei nayo nielekezeni, tafadhali.