Kuvunja vifungo vya atomu kunatoa nishati au kunakula nishati?

Muulizaji, Mbagala
Habari za jioni, ndugu zangu. Mdogo wangu wa kidato cha tatu amenibishia jambo nililoliamini tangu nikiwa shuleni. Mimi nilijua kwamba nishati imefungiwa ndani ya mkaa, na kwamba moto ukishika, vifungo vinavyoshikanisha atomu hukatika na joto likatoka. Yeye anasema kukata kifungo kunakula nishati, wala hakutoi hata kidogo. Tulikuwa tumeinama mbele ya jiko, mkaa umekolea wekundu na maharage yanatokota, nikamuuliza: kama ni hivyo, joto hili linatoka wapi? Hakuwa na jibu, nami sikuridhika kwamba nimeshinda. Vilevile, kwa nini badiliko la nishati la mmenyuko huu, yaani kemikali kugeuka kuwa kitu kipya, huandikwa kwa alama hasi, ilhali joto tunalipata?

Mwalimu wa kemia, Temeke
Mdogo wako amesema kweli, naomba umwambie hivyo. Atomu zilizoshikamana haziachani bure, na ndiyo maana mkaa hauwaki mpaka uuchochee kwa mafuta ya taa au vijiti. Joto hutoka pale atomu zinaposhikana upya. Tuuchukulie mkaa kuwa ni kaboni tupu, gramu 12, yaani moli moja, kipimo cha wanakemia cha kuhesabia atomu: kuzitenganisha atomu zake kunagharimu takriban kilojuli 717 (kilojuli ni kipimo cha nishati), na kuzitenganisha atomu za oksijeni inayohitajika kunagharimu kilojuli 498, jumla 1,215. Atomu hizo zinapoungana kuwa kabonidayoksaidi, hutoa takriban kilojuli 1,608. Tofauti yake, kilojuli 393, ndiyo inayoivisha maharage yenu. Kwa hiyo nishati hiyo haikuwa ya mkaa peke yake. Oksijeni ina sehemu yake, nayo husahauliwa kwa kuwa haionekani.

Kuhusu alama hasi, hesabu hufanywa kwa upande wa kemikali zenyewe, ambazo zimepungukiwa na nishati. Sufuria ndiyo iliyopata.

Mkulima wa mchicha, Boko
Naongeza upande wa pili. Nikikoroga mbolea ya urea kwenye ndoo ya maji, maji hupoa ghafla na ndoo hutoka jasho kwa nje. Naamini huo ni mmenyuko unaofyonza joto.

Mwalimu wa kemia, Temeke
Umeona vizuri, na joto kweli limefyonzwa, ila urea iliyoyeyuka bado ni urea. Hakijatengenezwa kitu kipya, kwa hiyo huko ni kuyeyuka tu. Ukitaka mmenyuko wenyewe, mimina siki juu ya bekingi soda ndani ya glasi: povu litapanda, gesi itatoka, na ukiishika glasi utahisi imepoa.

Muulizaji, Mbagala
Nashukuru sana, mwalimu. Mdogo wangu anauliza: mkaa ukikosa hewa ya kutosha, hesabu hiyo inabadilika?

Mwalimu wa kemia, Temeke
Inabadilika sana. Kila atomu ya kaboni ikipata atomu moja tu ya oksijeni badala ya mbili, hutokea kabonimonoksaidi, na gramu zilezile 12 hutoa takriban kilojuli 111, chini ya theluthi moja. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, nayo huua. Jiko la mkaa lisiingizwe kabisa katika chumba kilichofungwa, hata mvua ikinyesha. Nishati iliyobaki imo ndani ya gesi hiyo, na ikipata hewa huungua nayo. Mwambie mdogo wako aangalie miali midogo ya buluu inayocheza juu ya mkaa unaokolea: hiyo ndiyo kabonimonoksaidi inayoungua.