Magari ya zamani ya Safari: yashindane au yatembezwe tu?

Msafiri wa Nakuru: Wadau, tujadili bila matusi. East African Safari Classic inayakimbiza magari ya miaka ya 60, 70 na mwanzo wa 80 kwenye mawe na vumbi, mashindano kamili. Mimi nasema inatosha. Datsun 240Z ilitwaa Safari Rally yenyewe, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, 1971 na 1973; gari la namna hiyo litembezwe watu walione na kulisikia, kisha lirudi nyumbani zima. Bodi likishakunjika, hakuna kiwanda kitakachokupa jingine. Na fundi wa siku hizi bila kompyuta hajiwezi, sasa atalirudishaje?

Mpenda 404, Tanga: Gari la mbio likitembezwa polepole ni simba aliyejazwa pamba. Safari ya 1963 yalimaliza magari saba tu, na 1968 saba tena. Ugumu huo ndio ulioipa Safari jina. Dereva wa Kenya Joginder Singh alipochukua ushindi wa 1965 na Peugeot yake, hakuwa akiionea huruma.

Kijana wa Kericho: Mzee wangu, 1965 Joginder aliendesha Volvo PV544, navigeta, yaani msoma ramani, akiwa ndugu yake Jaswant. Na gari lenyewe lilikuwa limeshatumika kabla hajalipata. 1974 na 1976 alishinda na Mitsubishi. Peugeot 404 ni za madereva akina Nowicki na Shankland.

Mpenda 404, Tanga: Umemtaja Shankland, basi maliza: alitokea huku kwetu Tanzania, akashinda 1966 na 1967 mfululizo. Wakenya mnaisimulia Safari kana kwamba iliishia mpakani Namanga! Ilipoanza 1953 ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Msafiri wa Nakuru: Hakuna aliyebisha hilo, mzee. Turudi kwenye mada.

Fundi Kabureta: Bwana Msafiri, mada uliivuruga mwenyewe uliposema fundi hajiwezi. 240Z ina kabureta mbili za kuchanganya hewa na petroli, na hakuna kompyuta ya kuzipima. Unachukua kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta. Unasikiliza hewa inavyovuta. Huku inavuma nene, kule nyembamba. Unageuza skrubu kidogo kidogo mpaka zilingane. Halafu unazima injini, unainua pistoni ya kabureta kwa kidole, unaiachia. Isipogonga chini "tak", sindano haijakaa katikati, ufungue uanze upya. Kazi hii naifanya kila wiki, na vijana wawili gerejini wameshaijua. Usituzike tukiwa hai.

Msafiri wa Nakuru: Wewe na vijana wako wawili. Nairobi nzima mko wangapi?

Fundi Kabureta: Tungekuwa wengi kama kazi ingekuwepo! Mwenye gari la maonyesho huniletea rangi na kromu. Wa mashindano huniletea gia boksi iliyokufa, difu inayolia, springi zilizokatika. Kijana hajifunzi gia boksi kwa kung'arisha bampa.

Mama Wawili: Kaka Fundi, hapo tusidanganyane. Porsche 911 nyingi za Classic huandaliwa Uingereza kwenye karakana ya Tuthill, zinakuja na mafundi wao na vipuri vyao. Tena 911 haikuwahi kushinda Safari ya enzi zile. Dereva wa Sweden, Waldegård, ndiye aliyekuja kushinda nayo Classic ya 2011. Sasa tunahifadhi historia ya nani? Sisi tunabaki na vumbi, na watoto wanasimama ukingoni mwa barabara gari likipita kwa kasi. Likitembezwa, mtoto angalau ataligusa.

Mpenda 404, Tanga: Dada, Waldegård alishinda Safari yenyewe mara nne: 1977, 1984, 1986 na 1990. Ana haki yake.

Mama Wawili: Sijamgusa Waldegård. Nimeuliza kuhusu watoto na mafundi wetu, nawe unanijibu orodha ya vikombe. Ndivyo mnavyojibu siku zote.

Fundi Kabureta: Dada ana hoja. Nami nakubali masharti yawekwe: kila timu ya nje ichukue mafundi wa hapa, walipwe, washike spana badala ya kubeba matairi tu. Lakini mashindano yabaki.

Msafiri wa Nakuru: Yaani gari la historia livunjike ili kijana apate kazi?

Fundi Kabureta: Ndiyo. Bodi nitalinyosha. Mimi nikifa bila mrithi, hilo gari lako zima litawashwa na nani?

Kijana wa Kericho: Fundi, samahani, huo mpira unaingizwa juu ya chujio au ndani? Baba ana Datsun 1600 SSS, imekaa miaka mingi bila kuwashwa.

Fundi Kabureta: Toa chujio kabisa. Lakini usiiwashe kwanza! Mwaga petroli yote iliyolala, safisha tangi, badilisha mipira ya mafuta yote. Ya zamani imekauka, itapasuka juu ya injini na gari liungue.